Ngatinem Wawili, Faili Moja

Mhariri ananiambia wengi wenu wiki hii mmeandika kunitukana. Mmoja kaniita nyoka. Mama mmoja mstaafu ameuliza, huyu mwanamke analalaje? Mama yangu, silali. Sasa tuendelee.

Kwa aliyechelewa: naitwa Nastiti, nyumbani Titi. Nafanya kazi masijala ya hospitali ya Sekar Waluya, chini kabisa, ubavuni mwa chumba cha kufulia mashuka. Daktari akimaliza na mgonjwa, faili linashuka kwangu. Nasoma mwandiko wake, kisha kila ugonjwa naupa herufi na namba zake. Kidole tumbo ni K35. Kisukari ni E11. Miaka kumi na moja sasa, na bado mama mkwe wangu anawaambia watu mimi ni karani wa stoo.

Kazi yangu ya pili ni kuunganisha mafaili. Mgonjwa akisahau kadi, pale mapokezi humfungulia faili jipya, mtu mmoja anajikuta ana mawili. Nikiyaona nayaunganisha. Karatasi zote zinaingia jalada moja, jalada la pili linakwenda kwenye sanduku la kuchanwa.

Mwezi Machi nikakuta mafaili mawili ya Ngatinem. Jina hilo moja tu, maana wazee wetu huku hawana la baba wala la ukoo. Mwanamke na mwanamke. Tarafa ile ile. Kuzaliwa 31 Desemba 1956, na 31 Desemba 1956. Nikayaunganisha, nikaenda kunywa chai.

Kumbe walikuwa bibi wawili.

Mmoja ana mzio wa penisilini, na jalada lake lilikuwa na stika nyekundu. Sheria inasema ukiunganisha, stika ihamishwe. Sikuihamisha kwa sababu sikuiona, na sikuiona kwa sababu nilikuwa nacheka video kwenye simu. Nimesema nitasema kweli, basi ndiyo hiyo. Bibi wa pili aliwahi kuchomwa ampisilini, dawa ya ukoo wa penisilini, wiki nzima akarudi kwake mzima, na karatasi zake nikaziweka juu.

Mei, bibi mwenye mzio akaletwa na majirani, homa imempanda, hajitambui. Nesi akafungua faili. Hakuna stika. Karatasi ya juu inasema ampisilini alishapewa, hakuna tatizo. Akachoma. Haikupita dakika tano bibi wa watu akavimba uso, pumzi ikakata. Walimrudisha kwa shida, na mpaka Jumatatu ninayoanza kuwasimulia alikuwa na siku tisa kwenye chumba cha mahututi.

Nesi huyo anaitwa Wening. Ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, na tunakaa nyumba moja.

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimelichomoa lile jalada la stika kwenye sanduku la kuchanwa, nimelipeleka nyumbani ndani ya kikapu, chini ya chombo cha chakula.

Haya. Sasa kitu kama hicho unakificha wapi kwenye nyumba ya mama mkwe? Kabati langu analipanga yeye. Chini ya kitanda anafagia yeye. Mume wangu Sojo yuko mgodini Kalimantan, kisiwa kingine kabisa, hana msaada. Wening kasimamishwa kazi, yuko nyumbani kutwa, na ana ile tabia ya kusafisha akiwa na huzuni. Ameshaosha mapazia mara mbili.

Nikalitia jalada kwenye mfuko wa nailoni, nikalizamisha kwenye pipa la mchele, chini kabisa. Pipa la kilo kumi na tano, tumelijaza juzi. Mama alikuwa amesema Ijumaa atafanya dua ya kumwombea Wening, apikie majirani. Nikapiga hesabu zangu: Alhamisi nitalihamisha.

Mtauliza kwa nini nisilichome moto. Nimeshika kiberiti mara tatu. Nimefundishwa kwamba kitu cha mgonjwa hakiharibiwi bila hati ya uharibifu yenye sahihi tatu. Chekeni tu. Mtu aliyeshindwa kuhamisha stika ndiye huyo huyo anayeogopa kuchoma karatasi bila hati.

*

Jumatatu asubuhi Mama Kus akaniita ofisini, akafunga mlango.

Mama Kus ni mkuu wetu wa masijala. Mwembamba, mpole, ana feni yake ndogo ya betri ambayo hujipepea nayo shingoni hata mvua ikinyesha.

"Titi, kaa. Faili la Ngatinem umeshaliwekea namba?"

"Bado, Mama. Nasubiri maelezo ya daktari."

"Daktari ameandika mshtuko. Weka R57.9, tumalize. Kikao cha kumhoji nesi ni Jumatano."

R57.9 maana yake mshtuko ambao chanzo chake hakijulikani. Iliyo sahihi ni T88.6, mshtuko wa mzio uliosababishwa na dawa. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua.

"Mama, chanzo kinajulikana. Hata wafua mashuka wanakijua."

"Wewe weka ninayokwambia. Hiyo nyingine ikipanda juu, wakaguzi wanashuka. Wakishuka watataka faili tangu karatasi ya kwanza." Akazima feni. "Unataka wakague karatasi ya kwanza, Titi?"

Nilikuwa nikidhani siri ni yangu peke yangu na Mungu wangu.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Siku ile ile bibi alipoanguka. Fomu ya kuunganisha ina sahihi mbili. Ya kwanza yako. Ya pili ya nani?"

"Yako, Mama."

"Siku hiyo ulinipa fomu arobaini saa tisa na dakika hamsini, na mimi nilikuwa nawahi harusi ya mpwa wangu. Niliweka sahihi zote, sikusoma hata moja. Nimebakiza miezi saba nistaafu. Miezi saba, Titi! Nimekaa kwenye vumbi hili miaka thelathini na mbili."

Akavuta droo, akatoa faili la Ngatinem, lile moja nililolitengeneza mimi. Juu yake kulikuwa na stika nyekundu, mpya, inang'aa, kona hata moja haijakunjika.

"Mama! Umeibandika lini?"

"Ilikuwepo siku zote."

"Haikuwepo. Mimi ndiye niliye..."

"Ilikuwepo siku zote," alisema, kwa upole kabisa, kama anamwimbia mtoto. "Nesi hakuangalia."

"Nesi huyo ni wifi yangu! Umekula wali kwenye harusi yangu!"

"Nimekula, na ulikuwa mtamu. Msichana bado mdogo, hana mtoto, hana mume. Atapata kazi kwenye kliniki za watu binafsi. Wewe ukifukuzwa, nani anakuajiri na namba zako? Utaenda kuuza tempe? Maji tumeshayavulia nguo, mwanangu. Tuyaoge."

Nilishuka kwenye meza yangu. Nikaandika R57.9. Z88.0, ile ya kusema mgonjwa ana historia ya mzio wa penisilini, ikabidi niiandike pia, kwa sababu sasa stika ilikuwepo na ilimwelekea Wening. Hakuna aliyenishika mkono.

*

Jumanne saa nne simu ya mapokezi ikalia.

"Dada Titi, hebu panda juu. Kuna bibi hapa amekuja kliniki ya macho. Kompyuta inakataa. Inasema amelazwa mahututi."

Nilijua kabla sijapanda ngazi.

Alikuwa amesimama dirishani, mfupi, mweusi wa jua, meno mawili ya dhahabu, ameshika kadi iliyochakaa. Watu wa foleni nyuma yake walikuwa wameshaanza kufurahi.

"Mwambie huyu binti," aliniambia mara tu aliponiona nina kitambulisho. "Ananiambia niko mahututi. Mimi! Nimetoka shambani kung'oa mihogo, nimekuja kwa miguu yangu miwili."

"Kompyuta ndiyo inasema, Bibi," binti wa mapokezi alijitetea.

"Basi iambie kompyuta ije initazame!"

Foleni ikacheka. Mimi nilicheka pia, jamani, midomo ilicheka yenyewe. Nikamshika mkono nikamkalisha pembeni.

"Bibi, jina lako nani?"

"Ngatinem."

"Umezaliwa lini?"

"Hapo umenishinda. Mama alisema mwaka wa mvua ya mawe. Siku ya kutengeneza vitambulisho tulipanga foleni kwa karani wa kijiji. Anauliza tarehe, hatujui. Akachoka. Akasema haya, wote tarehe thelathini na moja Desemba. Foleni nzima! Ukitaka kutufanyia sherehe, unachinja ng'ombe mmoja unamaliza tarafa."

Alicheka mpaka akafuta macho na ncha ya mtandio. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Kila mtu wa huku anaijua hiyo tarehe. Mama mkwe wangu mwenyewe ni wa 31 Desemba. Ningesimama dakika moja tu mwezi Machi, ningejua.

"Kuna Ngatinem mwingine unamfahamu?" nikauliza.

"Mwenzangu wa upande wa mtoni? Namjua sana. Barua zake zinakuja kwangu, zangu zinakwenda kwake. Nasikia anaumwa. Kumbe ndiye aliyelazwa?" Uso ukambadilika. "Maskini. Yule hapatani na sindano za penisilini, mnajua? Karibu afe zamani zile."

Wasomaji wangu, pale pale mlango ulikuwa wazi. Ningemshika yule bibi mkono, nikapanda naye ghorofa ya tatu mpaka kwa Daktari Sudibyo, naibu mkurugenzi, nikasema: huyu hapa Ngatinem wa pili, kosa ni langu, mwacheni Wening. Ngazi ni arobaini na mbili. Nazijua.

Nikampigia Mama Kus.

"Mfungulie namba mpya," alisema. "Mpe kadi mpya, ile ya zamani ichukue. Asipande juu."

Nikafanya. Nikamfungulia namba mpya, tupu, kana kwamba hajawahi kuugua tangu mvua ya mawe. Nikamkabidhi kadi, inanukia plastiki.

"Sasa nipe ile ya zamani, Bibi."

"Ya nini?"

"Haifanyi kazi tena."

"Mimi pia sifanyi kazi kama zamani, mbona hamnichukui?" Akaifunga kwenye fundo la mtandio, akaikaza kwa meno. "Kadi hii nina miaka kumi nayo. Nitaiweka."

Sikuweza kumpokonya. Akaniachia ndizi tatu za kuchemsha kwenye jani, za ahsante, akaenda zake kliniki ya macho akiwa mtu mpya.

*

Jioni nilimkuta Wening jikoni anakaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachuliwa. Zamani nikiingia tu angenianza: wifi mchawi karudi, ficheni watoto! Na mimi ningejibu, watoto gani, wewe mwenyewe umedoda hapa. Miaka sita tumeishi hivyo, tunachokozana mpaka mama anatupigia kelele. Siku hiyo hakugeuka.

"Wamenionyesha faili," alisema. "Mama Kus kaniita leo mchana."

"Kasemaje?"

"Stika ipo, wifi. Nyekundu, kubwa hivi. Nimeigusa kwa kidole."

Nikaweka kikapu changu mezani.

"Siku zote hizi nimemwapia mama kwamba haikuwepo. Nimekuapia na wewe. Na niliona, yaani kwenye kichwa changu naliona lile jalada, halina kitu. Kumbe ipo." Mafuta yalikuwa yanaungua, hakuona. "Sasa najiuliza, ni mangapi mengine sikuyaona? Miaka minne nachoma watu sindano. Labda mimi si mzima."

"Wewe ni mzima, Wening."

"Umejuaje?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini mama mkwe akaingia na kikapu cha majani ya migomba, akaanza: "Aliyemfanyia mwanangu haya, Mungu atamwumbua. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nasema ni wale manesi wenzake, wana wivu. Titi, wewe uko huko huko, huwasikii wakisema?"

"Siwasikii, Mama."

"Fungua masikio. Wewe ndiye jicho letu kule."

Akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa unanuka vitunguu na nilitamani dunia inimeze. Mama huyu alipojua mume wangu anataka kunioa, ndugu walimwambia msichana mwenyewe ana miaka thelathini, hana kitu. Akajibu ana adabu, inatosha.

Mama alipotoka, Wening akachomoa bahasha kwenye mfuko wa gauni.

"Nimeandika barua. Mama Kus kaniambia nikikiri kwamba sikuangalia stika, wataniacha niondoke kimya kimya. Nisipokiri, wanapeleka jina langu kwenye baraza la wauguzi, na leseni kwaheri. Na kama bibi akifariki, polisi."

"Wening, usikiri kitu ambacho..."

"Ambacho nini?"

Nikageukia jiko, nikazima moto. Yeye akausoma mgongo wangu anavyojua, akadhani nalia naye.

"Nipelekee kesho asubuhi, wifi. Mimi mwenyewe nitashindwa kumpa, nitairarua njiani. Wewe una moyo mgumu."

Nikaipokea. Usiku ule sikuisoma. Asubuhi nikaondoka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, mama yuko uani anapasua kuni, na saa moja kamili bahasha ilikuwa mezani kwa Mama Kus. Nimempelekea mimi. Mama mstaafu uliyeuliza, andika tena, safari hii tumia maneno makali zaidi.

*

Kikao kilikuwa saa tano, chumba cha mikutano, ghorofa ya tatu. Daktari Sudibyo alikaa kichwani mwa meza. Kulia kwake mkuu wa wauguzi, kushoto Mama Kus na feni yake. Wening peke yake upande wa pili, amevaa sare nyeupe aliyoipiga pasi mara tatu. Mimi niliitwa kama mtunza faili, nije nithibitishe kwamba faili ni lile.

"Hili ndilo faili la mgonjwa Ngatinem?" Daktari aliuliza.

"Ndilo, Daktari."

"Hii stika ilikuwepo siku ya tukio?"

Mama Kus akazima feni. Wening akainua macho akanitazama, na ndani ya macho yale, jamani, alikuwa ananisubiri. Tumaini dogo sana, la mtu anayetaka kuambiwa kwamba hajawa kichaa.

"Ilikuwepo," nikasema.

Akayateremsha macho.

Daktari Sudibyo akaifungua bahasha, akaanza kusoma kwa sauti. "Mimi, Wening Lestari, nakiri kwamba kwa uzembe wangu..." Hakuwa mtu mbaya. Alisoma taratibu, na kwenye neno uzembe sauti yake ilipungua.

Hapo mlango ukagongwa.

Akaingia mlinzi wa geti, amejawa na aibu. "Samahani, Daktari. Kuna mama mmoja, nimemwambia kuna kikao, anasema ndiyo maana amekuja."

Na nyuma ya mlinzi, mama mkwe wangu. Amevaa gauni lake la Idi, uso umeloa jasho la bodaboda, kikapu kikubwa mkononi.

"Assalamu alaikum. Msinifukuze, sikai," alisema. "Nimefanya dua ya mwanangu asubuhi hii. Nilisema Ijumaa, lakini nikajiambia, dua baada ya hukumu ya nini? Nimewaita majirani haraka haraka, wamesoma, wamekula. Na desturi yetu mnaijua, chakula cha dua hakimalizwi nyumbani. Nimewaletea sehemu yenu."

Akaanza kugawa. Vifurushi vya majani ya migomba, wali wa manjano, kuku, yai. Kimoja mbele ya Daktari Sudibyo, kimoja mbele ya mkuu wa wauguzi, kimoja mbele ya Mama Kus, kwa mikono miwili na kuinama. Nani atamkatalia mama chakula cha dua? Hata Mama Kus alisema ahsante.

Mimi nilikuwa nimeganda kwenye neno moja. Wali.

"Mama," nikasema, "umepika mchele wa wapi?"

"Wa pipani, wa wapi tena? Wamekuja watu arobaini! Nimechota mpaka nikaona chini." Akanigeukia akicheka, akaingiza mkono ndani kabisa ya kikapu. "Na wewe nawe, Titi. Nimelikuta hili. Nikaona muhuri wa hospitali, nikasema masikini, mtoto atagombezwa, amesahau kitu cha kazi. Ndiyo nikamwambia kijana wa bodaboda endesha, endesha! Mtu gani unapenda kazi mpaka unaipeleka kwenye mchele?"

Akalitoa. Mfuko wa nailoni alikuwa ameshautupa. Jalada lilikuwa na unga mweupe wa mchele, na jina kubwa kwa mwandiko wangu mwenyewe wa zamani: NGATINEM. Juu yake stika nyekundu, imepauka, kona zimekunjika, ya miaka mingi.

Akaliweka mezani, karibu kabisa na lile jingine.

Daktari Sudibyo alitazama stika mpya, akatazama ya zamani, akakiweka kando kifurushi chake cha wali. Mama Kus alibonyeza feni, ikagoma.

Wening ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alilivuta jalada, akapangusa punje tatu za mchele zilizonasa kwenye namba, akaisoma ile namba kimoyomoyo, tarakimu moja moja, kama anavyosoma dawa kabla ya kuivuta kwenye sindano. Alimaliza. Hakumtazama Daktari, wala Mama Kus. Rangi ilianza kumrudi usoni, na nilijua siyo furaha.

"Mama," alisema, "umelikuta wapi?"

"Si nimesema? Pipani, chini kabisa." Mama mkwe bado alikuwa anatabasamu, ila tabasamu lilianza kupotea njia. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe. "Kwani nimekosea? Titi, si kitu chako hiki? Nimekosea kulileta?"

"Hujakosea, Mama," Wening alijibu. Barua yake ilikuwa bado mkononi mwa Daktari. Aliinuka, akanyoosha mkono, akaichukua taratibu, akaikunja mara mbili. Kisha akanigeukia. "Wifi. Jana nilikuuliza umejuaje kwamba mimi ni mzima. Hukunijibu."

Akavuta kiti kilichokuwa jirani yake.

"Kaa hapa, mbele ya mama yangu. Nijibu."